Wilaya ndogo ya shule Texas: nani anaamua, fedha zinatoka wapi, na hiyo alama ya C isomwe vipi?

mama_wawili

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Swali langu ni kwa mnaozijua shule za umma za Texas kwa undani. Wilaya yetu ya shule haifikishi wanafunzi 1,600, ina sekondari moja, na familia zinazozungumza Kiswahili zinaongezeka, hasa Wakongo na Warundi. Bodi imeitisha kura ya hati fungani, yaani ya kukopa fedha za ujenzi zinazolipwa kwa kodi. Karatasi ya mfano ya kura ina maneno ya herufi kubwa kwamba hili ni ongezeko la kodi ya mali, na huku msimamizi mkuu wa wilaya anasema kiwango cha kodi hakitapanda. Walimu wanalia na mishahara, na wilaya imepewa C na jimbo kwenye daraja la A hadi F. Nani hasa mwenye uamuzi? Fedha zinatoka wapi? C ina maana gani? Na sisi ambao bado si raia tuna nafasi gani?

karani_wa_vikao

Karibu, dada. Nianze na uamuzi.

Wilaya ya shule Texas haiko chini ya meya wala kaunti. Ni serikali ndogo inayojitegemea, yenye mipaka yake na mamlaka yake ya kutoza kodi. Bodi kwa kawaida ina wajumbe 7 wanaochaguliwa na wapigakura kwa vipindi vya miaka 3 au 4 kwa zamu, hawalipwi mshahara. Kazi zao kubwa ni kumwajiri msimamizi mkuu (mkataba hauruhusiwi kuzidi miaka 5), kupitisha bajeti, kupanga kiwango cha kodi na kupitisha sera. Mjumbe mmoja mmoja hana mamlaka nje ya kikao. Akikuahidi sokoni kwamba "nitamwondoa yule mwalimu mkuu", hana uwezo huo. Watu wengi wanapoteza miezi wakimfuata mjumbe mmoja kwa jambo lililotakiwa kuanza kwa mwalimu mkuu wa shule, likapanda kwa msimamizi mkuu, ndipo lifike bodi. Njia hiyo ya malalamiko ya wazazi imo kwenye sera inayoitwa FNG, nayo ina tarehe za mwisho. Ukichelewa, shauri linatupwa bila kusikilizwa.

Kupiga kura ni kwa raia waliojiandikisha angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Asiye raia asijiandikishe kamwe, hata karani wa leseni ya udereva akimpa fomu. Jambo hilo linaweza kumharibia kesi yake yote ya uhamiaji. Lakini kuzungumza kikaoni hakuhitaji uraia. Ajenda lazima itangazwe siku 3 za kazi kabla ya kikao, na tangu 2019 sheria inampa mwananchi haki ya kusema juu ya jambo lililo kwenye ajenda kabla bodi haijaliamua au wakati inalijadili. Na hili wengi wetu hatulijui: ukizungumza kupitia mkalimani, wanatakiwa kukupa angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa kama wana vifaa vya kutafsiri papo hapo. Wengine wakipewa dakika 3, wewe una 6. Jiandikishe kabla kikao hakijaanza na taja namba ya kipengele cha ajenda. Ukisimama na jambo lisilo kwenye ajenda, wajumbe hawaruhusiwi kulijadili, na ukimya wao usiuchukulie kuwa dharau.

mhasibu_wa_shule

Fedha, basi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kura yenu ilipo.

Kodi ya mali ya shule ina mafungu mawili, na hayachanganyiki. La kwanza ni la uendeshaji: mishahara, umeme, mafuta ya mabasi. La pili ni la kulipa madeni ya hati fungani. Fedha za hati fungani ni za majengo, viwanja, mabasi na vifaa vya kudumu. Haziwezi kulipa mshahara hata wa mpishi mmoja. Kwa hiyo anayesema "pigeni kura walimu wapate nyongeza" anawapotosha, na anayesema "wana mamilioni ya kujenga ila hawana ya walimu" naye hajaelewa. Nyongeza ya mishahara inadaiwa kwenye fungu la kwanza. Kwa sheria ya 2025, jimbo linatoa fedha za nyongeza, na wilaya zenye wanafunzi 5,000 au pungufu ndizo zilizopendelewa: dola 4,000 kwa mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 3 au 4, dola 8,000 kwa mwenye miaka 5 na zaidi. Mwalimu wa mwaka wa kwanza au wa pili hayumo kwenye mafungu hayo.

Yale maneno ya herufi kubwa: tangu 2019 sheria inalazimisha kila kura ya hati fungani za shule iyaandike, hata pale kiwango kisipobadilika. Msimamizi mkuu anaweza kuwa anasema kweli, kwa sababu deni la zamani linaisha na jipya linaingia mahali pake. Ila mwulizeni swali la pili: kura ikikataliwa, kiwango cha fungu la deni kingeshuka hadi wapi, na mwaka gani? Tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya kura. Angalieni pia idadi ya mapendekezo. Uwanja wa michezo wenye viti zaidi ya 1,000, ukumbi wa sanaa za jukwaani na nyumba za walimu lazima kila kimoja kiwe pendekezo lake. Mnaweza kukubali madarasa na kukataa uwanja.

Hesabu kwa mwenye nyumba: tuseme fungu la deni ni senti 20 kwa kila dola 100, na nyumba ina thamani ya 250,000. Msamaha wa nyumba ya kuishi sasa ni dola 140,000 kwa kodi ya shule, kwa hiyo inatozwa 110,000, sawa na dola 220 kwa mwaka. Asiyejaza fomu ya msamaha analipa 500. Fomu ni bure, inapelekwa ofisi ya tathmini ya mali ya kaunti, na anwani kwenye kitambulisho cha Texas lazima ilingane na ya nyumba. Jamaa wengi wamenunua nyumba na fomu hii hawajaigusa. Jazeni.

Upande wa uendeshaji, jimbo linakokotoa haki ya wilaya (kiasi inachostahili) kuanzia kiwango cha msingi, sasa dola 6,215 kwa mwanafunzi, kisha linaongeza uzito, yaani fedha za ziada, kwa: wilaya ndogo chini ya wanafunzi 1,600, watoto wa familia zenye kipato cha chini, elimu maalumu, na asilimia 10 ya kiwango cha msingi kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Kodi ya wenyeji inahesabiwa kwanza, jimbo linajaza pengo. Ndiyo maana thamani za nyumba zikipanda wilaya haitajiriki: wenyeji wanachangia zaidi, jimbo linapunguza lake. Wilaya yenye mali nyingi kupita haki yake, kama zile zenye visima vya mafuta, hurudisha ziada kwa jimbo. Mfumo huo ulianza 1993 baada ya kesi ya Edgewood iliyopinga ufadhili usio sawa wa shule, ambayo Mahakama Kuu ya Texas iliiamua 1989.

Sasa jambo linaloumiza wilaya ndogo kuliko yote: Texas hailipi kwa mtoto aliyeandikishwa, inalipa kwa mtoto aliyehudhuria. Gawanya 6,215 kwa siku kama 175, unapata takriban dola 35 kwa siku. Wakikosekana watoto 30 kila siku mwaka mzima, ni 186,450, karibu mishahara ya walimu watatu. Na gharama hazipungui: basi ni lilelile, darasa ni lilelile.

mama_wawili

Asante sana, kaka. Hapo kwenye mahudhurio: mtoto akikosa kwa sababu ya Idi, au mkiitwa ofisi ya uhamiaji, wilaya inapoteza hiyo hela? Na kuna watu wanasema waziwazi kwamba watoto wetu ndio wanaoshusha alama za wilaya.

mwl_esl_texas

Dada, hayo mawili nayajibu mimi.

Sikukuu ya dini haipotezi kitu. Sheria inataka mtoto ahesabiwe kama yupo, pamoja na siku ya safari ya kwenda na ya kurudi, mradi mzazi apeleke barua. Hali ni hiyohiyo kwa kwenda ofisi ya serikali kukamilisha makaratasi ya uraia na kwa sherehe ya kiapo. Kwa daktari, mtoto ahudhurie sehemu ya siku hiyohiyo na alete karatasi ya kliniki. Kila shule ina saa rasmi ya kuhesabu. Mtoto aliyekuwapo asubuhi akaondoka kabla ya saa hiyo bila sababu inayotambulika, kifedha hakuwapo. Ulizeni saa hiyo, mpange miadi baada yake. Zaidi ya fedha, asiyefikisha asilimia 90 ya siku za somo anaweza kunyimwa kufaulu somo hilo.

Kuhusu alama. Daraja la A hadi F linatokana na maeneo matatu: ufaulu, maendeleo, na kuziba pengo kati ya makundi. Linachukuliwa lililo bora kati ya mawili ya kwanza kwa asilimia 70, na la tatu kwa 30. Kwa sekondari, eneo la ufaulu lina mitihani ya jimbo ya STAAR asilimia 40, utayari wa chuo, kazi au jeshi 40, na kuhitimu 20. Kipimo cha A kwenye utayari kilipandishwa kutoka asilimia 60 ya wahitimu hadi 88, na wilaya nyingi zilishuka bila mtoto yeyote kufundishwa vibaya zaidi. Matokeo ya 2023 yalizuiwa mahakamani hadi 2025. Kwenye darasa la wahitimu 40, kufikisha asilimia 88 ni wahitimu 36. Wawili wakikosa cheti cha ufundi, ambacho ni njia mojawapo ya kuhesabiwa tayari, picha inabadilika. Kwa hiyo msihukumu wilaya ndogo kwa mwaka mmoja. Chukueni ripoti ya TAPR (ripoti ya kila mwaka ya jimbo kuhusu ufaulu) ya miaka 3 au 4 mfululizo, mtazame kiwango cha "Meets" (waliofikia kiwango cha darasa lao) kwenye hisabati na kusoma darasa la 3 na la 8. Palipo na nyota badala ya namba, kundi ni dogo mno na takwimu zimefichwa kulinda watoto.

Na hilo la watoto wetu kushusha alama si la kweli kama linavyosemwa. Matokeo ya STAAR ya mtoto anayejifunza Kiingereza aliye mwaka wake wa kwanza katika shule za Marekani hayaingii kwenye daraja. Mkimbizi ambaye hakupata shule kabla ya kuja anaweza kuachwa nje miaka kadhaa zaidi, kamati ya LPAC, inayopanga wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, ikimtambua hivyo. Kinachoharibu ni fomu ya lugha ya nyumbani kujazwa "Kiingereza" kwa hofu. Mzazi akiandika hivyo, mtoto hapimwi, hapewi ESL (masomo ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine), wilaya haipati ile asilimia 10, na STAAR yake inahesabiwa kama ya mzaliwa wa hapa. Andikeni Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe, lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani. Shule ina wiki 4 kumpima na kumpanga, na mzazi lazima atoe idhini. Programu ya lugha mbili ni lazima pale wilaya inapokuwa na wanafunzi 20 wa lugha moja kwenye ngazi moja ya darasa, wilaya nzima ikijumlishwa. Chini ya hapo ni ESL.

karani_wa_vikao

Nyongeza fupi kwa wanaosema C haina madhara. C yenyewe haina adhabu ya jimbo. Mstari mwekundu ni shule moja kupata F miaka 5 mfululizo: hapo kamishna wa elimu wa jimbo lazima aifunge shule hiyo au aondoe madaraka ya bodi nzima na kuteua mameneja. Ndivyo wilaya ya shule ya Houston ilivyochukuliwa Juni 2023, na Oktoba 2025 Fort Worth ikatangaziwa hivyo hivyo. Kwa hiyo uliza alama ya kila shule, usiishie kwenye ya wilaya.

Kabla ya kura, dada, omba kwa maandishi vitu vitatu: bajeti iliyopitishwa, ratiba ya malipo ya deni mwaka kwa mwaka, na ripoti ya FIRST, ambayo ni daraja la usimamizi wa fedha. Kwenye FIRST tafuta siku za fedha taslimu (siku ambazo wilaya inaweza kujiendesha kwa akiba yake): 90 na zaidi ndizo zinazopata alama kamili. Huhitaji kueleza sababu ya kuomba. Wakishindwa kukupa ndani ya siku 10 za kazi, wanatakiwa wakuandikie tarehe watakayotoa. Na omba mkalimani mapema kwa barua pepe, ili kuwe na kumbukumbu.

mama_wawili

Nimepata zaidi ya nilichouliza. Barua ya kuomba ratiba ya deni inaenda kesho, na swali la "kiwango kingeshuka hadi wapi" nitalipeleka kikaoni na mkalimani.