Naomba ushauri: dai la maegesho binafsi Uingereza, barua imechelewa

Wakuu, naomba msaada kwa mnaoijua sheria ya Uingereza. Kamera zimesoma gari likiingia saa 8:02 mchana, likatoka 9:11. Tiketi ya saa moja ililipwa. Kwenye kioo hakukubandikwa kitu. Barua ya pauni 100 (60 ukiwahi) imefika siku ya 21.

Kwa Jedwali la 4 la Sheria ya 2012 (Protection of Freedoms Act, yenye kanuni za maegesho binafsi), barua ikifika baada ya siku 14 mwenye gari aliyesajiliwa hadaiwi, anabaki dereva. Na hii si faini ya halmashauri, ni dai la mkataba tu.

Nikate rufaa kama mwenye gari bila kumtaja dereva? Hoja ya dakika 10 za ziada zinazoruhusiwa baada ya tiketi kuisha niiweke, au itafichua aliyeendesha? Kampuni ya maegesho ikikataa nakwenda POPLA (chombo huru cha rufaa za maegesho binafsi). Bahasha yenye muhuri wa posta ninayo.