Tupeane uzoefu: vichekesho vya enzi filamu zilipoanza kusema

MzeeWaReli: Jana mjukuu kanikuta nacheka peke yangu, akaenda kumwita mama yake. Nilikuwa naangalia Laurel na Hardy, mwembamba na mnene, wanapandisha piano ngazi zaidi ya mia, ile ya 1932. Kinachoniua ni ule mlio: piano inateremka yenyewe, nyuzi zinalia ndani ya boksi, kelele inafifia mpaka chini, kisha kimya. Hardy anatukodolea macho sisi. Kwenye filamu bubu utaupata wapi huo? Haya, leteni zenu.

BintiMakorora: Mimi Harpo Marx na honi yake, yule asiyesema neno kwenye kundi la ndugu wachekeshaji. Ndugu zake wanabwabwaja weee, yeye pooo! pooo!

Kichuguu: Chaplin mmemwacha wapi?

MzeeWaReli: Huyo bubu. Mada ni sauti.

Kichuguu: Bubu gani? 1936 kaimba! Maneno kayaandika kwenye vikofi vya shati, alipoanza kucheza vikachomoka vikaruka. Akabuni lugha yake hapohapo, na watu wakaelewa. Hata bibi yangu, mchekeshaji yeyote humwita chale.

MzeeWaReli: Wimbo mmoja filamu nzima. Haya, nimekupa.

DerevaWaKanta: Mzee umenitonesha kidonda. Mimi hiyo piano nimeibeba, ila yangu ilikuwa friji. Ghorofa ya nne, mimi na utingo. Ya tatu kamba ikakatika. Nikaliegemea kwa mgongo, utingo badala ya kushika anacheka! Likanishusha ngazi kama kumi hivi, du, du, du, kila ngazi naisikia kwenye kiuno. Likanibana ukutani, mlango ukafunguka, mtungi wa maji baridi ukanimwagikia kichwani. Kumbe hawakulitoa vitu. Tunafika juu tunahema, mama mwenye mali anauliza, "Mbona hamkupanda lifti ya nyuma?"

BintiMakorora: NIMEKUFA 😂😂

Kichuguu: Friji lilipona?

FundiBaridi: Likishalazwa usiliwashe siku hiyo, oili irudi kwenye kompresa.

Shemeji_wa_Wote: Uongo, langu niliwasha palepale, mwaka wa sita huu.

FundiBaridi: Bahati yako. Namba yangu unayo.

Kichuguu: Kiuno paka mafuta ya nazi ya moto. Au oa.

MzeeWaReli: Jamani mada! Ila Dereva, wale wawili nao walifika juu, mtu wa posta akawaambia kuna barabara ya gari. Wakaiteremsha piano yote chini, waipandishe upya kwa barabara. Na wewe uliliteremsha?

DerevaWaKanta: Nililishika kabisa. Utingo ndiye aliyekataa.