UKOO WA KIHAMBANI, Jumatatu 29 Julai 2024

Mama Elia 16:06
Bwana Yesu asifiwe ukoo. Mama, shikamoo. Kaka, wifi, habari za jioni. Huku ndiyo kwanza asubuhi, nimetoka shifti ya usiku. Saa mbili kamili sheria ya mapigo ya moyo imeanza kutumika jimbo zima la Iowa hapa Marekani. Nimesali hapa kwenye maegesho ya kazini, nikasema niwaambie ninyi kwanza.

Baba Neema 16:09
Amina dada. Ndiyo ile ya kutoa mimba?

Mama Elia 16:10
Ndiyo kaka. Kipimo kikishaonyesha moyo unapiga, basi, hairuhusiwi kuitoa. Hiyo ni kama wiki ya sita. Mpaka jana ilikuwa ruhusa hadi karibu miezi mitano.

Mama Neema 16:12
Mbona nilidhani ilipita mwaka jana wifi? Tulikupongeza humu humu.

Mama Elia 16:16
Ilipita kweli. Bunge la jimbo liliitwa kikao maalumu cha siku moja, 11 Julai 2023, wakapiga kura usiku. Tarehe 14 Gavana Kim Reynolds akasaini. Tarehe 17 mahakama ikaizuia! Tangu hapo kesi juu ya kesi, mpaka 28 Juni mwaka huu Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoiruhusu, majaji 4 kwa 3. Jaji mmoja tu angeenda upande wa pili leo nisingekuwa naandika haya. Mnakumbuka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivyoitengua hukumu ya Roe, ile iliyoruhusu kutoa mimba nchi nzima tangu 1973. Kuanzia pale kila jimbo linajiamulia lenyewe.

Godi 16:17
Shikamoo shangazi. Niko na Bibi jikoni namsomea. Anasema marahaba, na anauliza umekula?

Mama Elia 16:18
Marahaba mwanangu. Mwambie nimekunywa uji.

Neema 16:20
Shikamoo shangazi, pole na kazi ya usiku. Naomba niulize kitu, baba asinikasirikie.

Baba Neema 16:20
Uliza. Kwa adabu.

Neema 16:23
Hizo wiki sita zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Maana yake msichana akichelewa siku zake wiki mbili tu, ndizo wiki sita zenyewe. Mimi wodini napokea wenye miezi mitatu ambao hawajui kama ni wajawazito. Sasa huyo wa Iowa anaamua saa ngapi?

Mama Elia 16:27
Hesabu hiyo naijua mwanangu. Kuna watu huku wanasema mama anao muda wa kutosha. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu si kweli. Sikuiunga mkono sheria hii eti kwa kuwa inampa mama muda. Nimeiunga mkono kwa ajili ya aliyemo tumboni. Huyo ni mtu hata kabla mama yake hajajua kama yupo. Soma Zaburi ya 139 taratibu, usiku, peke yako.

Neema 16:33
Naisoma shangazi. Lakini sheria ya kwetu hapa Tanzania ni kali kuliko ya Iowa. Kanuni ya Adhabu: anayemtoa mtu mimba, miaka 14. Mwanamke mwenyewe, 7. Imekuwapo tangu enzi za mkoloni, na bado nawapokea. Mwezi huu huu kaletwa binti usiku, joto 40, dada yake kamfunga khanga tatu, zote zimelowa. Anasema kaanguka kwenye ngazi. Dada mtu anasema wamepanga chumba kimoja, uani, hakuna ngazi. Namuuliza umekunywa nini, ananitazama tu, macho mlangoni, anaogopa polisi. Na mimi nisipojua alichokunywa nampoteza.

Mama Neema 16:34
Alipona?

Neema 16:34
Alipona. Kizazi kilitolewa. Ana miaka 19.

Baba Neema 16:36
Ee Mungu tuhurumie.

Mama Elia 16:49
Nimeisoma mara mbili Neema. Bado nipo kwenye gari, sijawasha. Ya huku haimshitaki mama, ujue. Imeandikwa wazi kwamba mwanamke hana kosa, anayebanwa ni daktari. Ingekuwa inamfunga binti wa namna hiyo nisingeiunga mkono. Huyo wako angekuwa huku ningetaka aseme kila kitu bila kuogopa mtu.

Neema 16:51
Na aliyebakwa je?

Mama Elia 16:54
Anaruhusiwa, ila awe ametoa taarifa ndani ya siku 45. Aliyeharibiwa na ndugu wa damu, siku 140. Pia mtoto mwenye kasoro ambayo hawezi kuishi nayo, na pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini.

Neema 16:55
Siku 45 shangazi? Wapo wanaokaa mwaka mzima hawajamwambia hata mama yao.

Mama Elia 17:00
Aliyeandika siku 45 hajawahi kukaa kitandani na msichana aliyeumizwa hivyo, anayeoga mara nne kwa siku. Hapo niko upande wako, na mbunge wetu wa jimbo nitamwandikia. Lakini sitakuficha ninavyoamini: na yule wa kubakwa moyo wake unapiga vilevile. Ni neno zito. Sijawahi kumwambia mtu usoni na siombi nifike pa kumwambia. Sheria imeacha mlango hapo, nimeukubali.

Baba Neema 17:02
Lakini dada, nasikia jimbo jirani ni ruhusa. Si watavuka tu?

Mama Elia 17:03
Wanavuka. Daraja moja la mto Mississippi, upande wa pili Illinois. Kaskazini Minnesota, huko pia ruhusa.

Neema 17:04
Kwa hiyo inamkuta asiye na gari.

Mama Elia 17:09
Kweli kabisa. Na asiye na gari ndiye tunaye kanisani kwetu. Sasa hivi tuna binti wa Kikongo, kiwanda cha nyama, zamu ya saa tisa usiku, mwanaume kahama jimbo. Tumegawana akina mama wanne. Mimi nampeleka kliniki, mwingine kodi, mwingine anapika. Chini ya kanisa kuna nepi mpaka dirishani. Mwambieni mchungaji yeyote wa huko anayeshangilia sheria hii aanze kwanza na kodi ya nyumba. Mimi naishangilia, ndiyo maana Alhamisi silali, natoka kazini moja kwa moja kwake.

Mama Neema 17:11
Wifi, nikuulize. Mbona jambo hili limekukaa moyoni namna hii? Miaka yote.

Mama Elia 17:24
Haya, niseme. Kabla ya Elia, mwaka 2012, nilikuwa na mimba. Wiki ya saba wakanipima, yule dada akageuza kioo upande wangu. Niliona kipunje kama cha mtama, kinapepesa. Kinapepesa haraka kuliko moyo wangu mimi. Nikacheka peke yangu mle ndani. Wiki ya kumi nikaamka shuka imelowa. Hospitali wakasema wametoa mabaki. Mabaki! Nikapewa karatasi ya jinsi ya kubadili pedi na dawa ya maumivu, kesho yake nikaingia kazini kuwaogesha wazee. Hakuna aliyekuja na sufuria ya chakula, hakuna aliyesema pole ya msiba, maana kwao hakukuwa na msiba. Na mimi niliona moyo wake kwa macho yangu. Miaka kumi na miwili nimekaa na hilo. Leo ni mara ya kwanza jimbo ninamoishi linasema kwa sheria kwamba kile nilichokiona alikuwa mtu.

Mama Neema 17:27
Wifi. Mimi ndiye niliyekuandikia "usijali, utapata mwingine". Nakumbuka kabisa. Nisamehe.

Mama Elia 17:28
Nilishasamehe zamani. Hukujua.

Neema 17:30
Pole sana shangazi. Pole ya msiba.

Neema 17:32
Kuhusu sheria bado sijakubaliana na wewe. Ila hili nimelisikia.

Mama Elia 17:33
Asante mwanangu. Usikubali kwa kunihurumia.

Godi 17:38
Shangazi samahani, Bibi ameacha kuchambua maharage muda mrefu. Ameniambia niandike hivi hivi anavyosema. Anasema na yeye anaye. Mwaka wa vita vya Amini, miezi mitatu. Babu alichimba usiku na taa ya chemli. Yuko chini ya mgomba wa tatu ukitoka kwenye mfereji.

Baba Neema 17:40
Ule ambao majani yake hatukukatia ng'ombe?

Godi 17:41
Anasema huo huo.

Baba Neema 17:43
Nimechapwa kwa ajili ya mgomba ule, nina miaka minane. Mama hakusema kwa nini.

Mama Elia 17:44
Mama, mbona hukuniambia hata mimi?

Godi 17:47
Anasema wakati ule haikuwa kitu cha kusema. Anauliza, Neema, binti wa khanga tatu anaitwa nani, amweke kwenye sala ya jioni.

Neema 17:48
Jina siruhusiwi kulitaja Bibi.

Godi 17:50
Anasema sawa, atamwita mjukuu wake. Shangazi, anauliza na wewe wako ulimpa jina?

Mama Elia 17:53
Sikumpa, Mama.

Godi 17:54
Anasema mpe.

Mama Elia 18:02
Ngojeni niwashe gari. Nikifika nyumbani nitapiga simu, Godi usiondoke hapo.