Shinikizo la kupasuka la maungio ya utumbo mpana kwa panya: kwa nini namba zinatawanyika hivi?

Mshonaji

Wakuu, naomba mawazo ya wanaofanya upasuaji wa tumbo kwenye panya wa maabara. Tunalinganisha makundi mawili: moja linapakwa dawa kwenye maungio, jingine linapakwa maji ya chumvi tu. Panya ni madume wa aina ya Wistar, gramu 250 hadi 300. Nusukaputi ni ketamini na zailazini, sindano ya ndani ya tumbo. Tunafungua tumbo mstari wa kati, tunakata utumbo mpana upande wa kushoto, tunaunganisha ncha kwa ncha kwa uzi wa polipropilini 6-0, nyuzi 10 mojamoja, tabaka moja. Siku ya 3 na ya 7 tunatoa kipande, tunasukuma maji ndani na kusoma shinikizo linapopasuka.

Siku ya 3, panya wa kundi moja wanapishana sana: mmoja anapasuka chini ya mmHg 30, mwenzake anavuka 100. Siku ya 7 makundi yote mawili yanatoa namba zilezile, ingawa kwenye hadubini kovu linaonekana tofauti. Kosa liko kwenye mshono, kwenye kipimo, au dawa haifanyi kazi?

Presha_na_Pampu

Nianze na siku ya 7, jibu lake ni fupi: je, mliandika kila kipande kilipasukia wapi? Kufikia siku ya 7 maungio ya panya mara nyingi yameshapata nguvu kuliko utumbo ulio kando yake, kwa hiyo kinachopasuka ni ukuta mzima pembeni. Namba mnayosoma ni nguvu ya utumbo wa kawaida, na hiyo haitofautiani kati ya makundi. Kipande cha namna hiyo hakijawapa shinikizo la maungio. Kimewaambia tu kwamba maungio yanahimili zaidi ya hapo. Kiandikeni hivyo kwenye jedwali na mkichambue kama data iliyokatizwa, msikiingize kwenye wastani. Siku ya 7 na kuendelea, pimeni nguvu ya kukatika: kata ukanda wa upana uleule unaovuka mshono, uvute kwa mwendo wa kudumu hadi ukatike.

Siku ya 3 ina mengi. Mnasukuma maji kwa kasi gani? Shinikizo hutegemea kasi, na mkono unaosukuma bomba la sindano haulingani kutoka panya hadi panya. Tumieni pampu, mililita 2 kwa dakika ni kasi inayotumika sana, ila muhimu ni isibadilike. Tia rangi ya bluu ya methilini kwenye maji. Utaona tone dogo la bluu likichomoza penye tundu la uzi kabla mstari wa shinikizo haujashuka, na lile tone ndilo mwanzo wa kuvuja. Amueni mapema kama mnarekodi tone la kwanza au kilele cha shinikizo, kisha msibadili.

Pia msibandue omentamu (utando wa mafuta unaofunika utumbo) wala vilivyogandamana na maungio. Ukivivuta unachana kovu la siku 3 kwa mkono wako mwenyewe. Kata kipande pamoja na kilichoshikamana nacho, urefu wa sentimita 4 hivi, mshono ukiwa katikati. Suuza kinyesi taratibu, funga ncha moja, pima mapema kikiwa bado kibichi, na kisikauke. Kabla ya kila kikao hakiki kitambuzi cha shinikizo kwa safu ya maji: sentimita 136 za maji ni karibu mmHg 100.

Jambo moja linalosahaulika: shinikizo si nguvu ya ukuta. Mvutano wa ukuta ni shinikizo mara nusu kipenyo. Maungio yaliyobanwa yakawa membamba yatatoa shinikizo kubwa bila kuwa imara zaidi. Pimeni kipenyo pia.

Daktari_wa_Wanyama_wa_Maabara

Naongezea upande wa meza ya upasuaji. Mtawanyiko wa siku ya 3 mara nyingi huanzia hapo.

Siku 2 hadi 4 za mwanzo vimeng'enya vinavyovunja kolajeni (protini inayoipa nyama uimara) hufanya kazi kwa nguvu kwenye kingo, na fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni mpya, bado hazijajaza pengo. Wakati huo maungio yanashikiliwa hasa na uzi, na uzi nao umeng'ata kolajeni ya zamani iliyo chini ya utando laini wa ndani. Tabaka hilo ndilo lenye nguvu. Halsted alilionyesha kwa mbwa tangu 1887. Uzi ukilikosa, au ukipita karibu mno na ukingo, unachana kama kwenye karatasi iliyolowa. Kwa hiyo siku ya 3 mnapima mkono wa mshonaji karibu sawa na mnavyopima dawa.

Pita milimita 1.5 hadi 2 kutoka ukingoni. Uzi wa kwanza uwe upande wa mesenteri (utando unaoshikilia utumbo na kupitisha mishipa yake), wa pili upande wa pili wake, ndipo ujaze katikati. Upande wa mesenteri mafuta hufunika ukingo na ndipo uzi unapokosea zaidi. Futa mafuta kidogo tu, maana ukisafisha sana umekata mishipa midogo inayolisha maungio. Fundo likaze hadi kingo zigusane, basi. Ukingo ukigeuka mweupe umelikaza mno na nyama iliyobanwa itakufa. Mshonaji awe mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja apate idadi sawa ya panya wa kila kundi. Dawa apake asiyejua ni ipi.

Funikeni utumbo ulio nje kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Joto la mwili lishikiliwe karibu na 37, kwani panya hupoa haraka tumbo likiwa wazi, na aliyepoa damu yake haifiki vizuri kwenye kingo. Hakuna haja ya kumshindisha njaa usiku kucha; panya hatapiki.

Sasa niulize: mnawapa nini cha maumivu?

Mshonaji

Asante sana. Kasi ya kusukuma haikuwa ya kudumu, tulitumia mkono. Mahali pa kupasukia hatukuandika. Maumivu: diklofenaki siku 3.

Daktari_wa_Wanyama_wa_Maabara

Hapo pana tatizo kubwa. Diklofenaki imehusishwa na kuvuja kwa maungio katika majaribio ya panya. Makundi yote mawili yameipata, lakini imeingia katikati ya swali lenu na inaweza kufunika faida ya dawa. Tumieni buprenofini miligramu 0.05 kwa kilo chini ya ngozi, sindano ya kwanza kabla ya kukata, halafu kila saa 8 hadi 12. Angalizo: baadhi ya panya waliopewa buprenofini hula matandiko, maranda yakijaa tumboni, panya anakonda na mtadhani maungio yamevuja. Wekeeni matandiko ya karatasi.

Kuacha dawa ya maumivu ili kurahisisha jaribio si chaguo. Panya mwenye maumivu hali, hanywi, na homoni za msongo nazo huchelewesha kovu. Wapimeni uzito kila siku. Anayepoteza asilimia 20, au anayejikunja manyoya yakisimama, asingojeshwe siku ya 7.

Fundi_Histolojia

Mkipima haidroksiprolini, yaani kukadiria kiasi cha kolajeni, toeni uzi wote kwanza, mchukue milimita 5 kila upande wa mshono, mkaushe ndipo mpime uzito. Siku ya 3 nyama imevimba maji. Mkigawa kwa uzito wa mbichi, kolajeni itaonekana pungufu kwa sababu ya uvimbe tu. Chemsheni kwenye asidi hidrokloriki ya molari 6, nyuzijoto 110, usiku kucha, na mrekebishe uasidi kabla ya kuweka kloramini-T (kemikali ya kipimo hiki), la sivyo rangi haitoki. Kumbukeni kipimo hiki hakitenganishi kolajeni mpya na ya zamani.

Vipande vya hadubini vitoke kwa panya wasiopimwa shinikizo. Kipande kilichopasuliwa kwa maji kina nyufa ambazo msomaji atazihesabu kama jeraha lisilopona.