Jina moja la ukoo katika mikusanyo mitatu: nitajuaje kama ni watu wa ukoo mmoja?

Mjukuu wa Nne ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu. Huu ni mwaka wa pili tangu nianze kufuatilia jina letu la ukoo, ambalo si la kawaida, na ambalo tangu utotoni niliaminishwa kwamba kila anayelibeba ni ndugu yetu. Mwezi uliopita nililitafuta katika katalogi za hifadhi kadhaa za nyaraka, nikalikuta mahali patatu: katika orodha ya abiria wa meli, katika jalada la barua za mfanyabiashara mmoja, na katika mkusanyo wa maktaba ya chuo kikuu unaoitwa karatasi za familia yenye jina letu, herufi kwa herufi.

Kwa upande wetu tuna cheti kimoja tu, cha ndoa ya babu wa babu yangu. Humo jina limeandikwa kwa namna mbili: juu kwa l mbili, na chini, pembeni mwa alama ya msalaba aliyoiweka badala ya saini, kwa l moja.

Niliagiza nakala za kurasa 40 kutoka ule mkusanyo wa chuo kikuu nikiwa na furaha isiyo kifani, na zilipofika nikakuta hesabu za shamba na risiti za fundi cherehani, bila jina hata moja ninalolitambua. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: je, kufanana kwa jina kunatosha kuwa ushahidi, na kama hakutoshi, nilipaswa kuanzia wapi?

Mlinzi wa Makasha amejibu:

Pole, ndugu yangu, ingawa nimewahi kuona watu wakiagiza kurasa nyingi zaidi ya hizo kwa kosa hilo hilo. Jina lililoandikwa juu ya mkusanyo humtaja aliyezitengeneza au kuzihifadhi karatasi hizo; halikuahidi kwamba waliomo ndani yake ni jamaa zako. Watunza nyaraka hupanga hati kwa kufuata chimbuko lake, kanuni iliyowekwa rasmi nchini Ufaransa mwaka 1841, ambayo hukataza karatasi za mtu au ofisi moja kuchanganywa na za mwingine hata kama zinazungumzia jambo moja. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza ukurasa wowote, omba mwongozo wa mkusanyo, usome sehemu mbili ambazo wengi huziruka: maelezo ya maisha ya mwenye karatasi, na maelezo ya namna karatasi zilivyofika maktabani. Zote mbili zitakupa mahali na miaka. Ukiviweka kando ya cheti chako na visikutane popote, huna sababu ya kuendelea na mkusanyo huo.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio unaosahaulika zaidi, nao ni kwamba jina lako linaweza kulala kwa miaka mingi ndani ya kasha lenye jina la watu wengine. Tazama Marekani: sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya majina ya mabwana zao, kwa umri na jinsia, na mara nyingi bila majina yao wenyewe, hata ikafika sensa ya 1870 ndipo wengi wao wakaandikwa kwa majina kwa mara ya kwanza katika hesabu ya taifa. Anayetafuta wazee wake wa kabla ya mwaka huo hulazimika kufungua wosia, mikataba ya mauzo na daftari za mashamba za familia za mabwana, yaani mikusanyo ambayo jina la ukoo wake huenda halimo kabisa katika kichwa wala katika katalogi. Hizo risiti za fundi cherehani zilizokukera wewe, kuna mtu mahali fulani anazitafuta usiku na mchana.

Sikio la Karani amejibu:

Naomba nishike ile alama ya msalaba, kwa sababu naona ndiyo habari nzito kuliko zote ulizotupa. Mtu aliyeweka msalaba hakuliandika jina lake. Aliyeliandika ni karani, kwa kadiri alivyolisikia, na karani huyo aliweza kulisikia kwa namna mbili ndani ya ukurasa mmoja. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya l moja na l mbili haitenganishi watu, na vilevile kufanana herufi kwa herufi na ule mkusanyo wa chuo kikuu hakuunganishi watu. Andika mahali pamoja kila namna ambayo jina hilo lingeweza kusikika au kusomwa vibaya, ukikumbuka kwamba katika mwandiko wa zamani n na u hufanana mno, na kwamba aliyeinakili faharasa baadaye naye ana makosa yake juu ya makosa ya karani.

Mifumo ya kutafuta kwa sauti husaidia, lakini ijue mipaka yake. Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, huhifadhi herufi ya kwanza ya jina na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu, kiasi kwamba Smith na Schmidt zote huwa S530. Ila kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, Kramer huwa K656 na Cramer huwa C656, na mashine haitakuambia kamwe kwamba hao wawili huenda ni ndugu.

Msoma Amri amejibu:

Nakubaliana na wenzangu, lakini kuna swali linalotangulia yote hayo: jina lenu lilianza lini kurithiwa, na kwa amri ya nani? Mwaka 1849 gavana Narciso Clavería aliagiza wakazi wa Ufilipino wapewe majina ya ukoo kutoka katika katalogi iliyoandaliwa, na katika baadhi ya miji watu wasiohusiana hata kidogo wakajikuta wana majina yanayoanza kwa herufi moja. Japani ililazimisha majina ya ukoo kwa raia wote mwaka 1875, na Uturuki ikapitisha sheria yake mwaka 1934. Pale ambapo jina liligawiwa ofisini, watu wawili wenye jina moja wanaweza kuwa wamekutana kwenye foleni tu. Pale ambapo jina lilitokana na kazi, kama ufinyanzi au uhunzi, lilizaliwa mara nyingi katika vijiji vingi.

Kipimo cha DNA ya kromosomu Y, inayopita kutoka baba hadi mwana, kinaweza kuonyesha kama wanaume wawili wenye jina moja wana babu mmoja. Nakitaja kwa tahadhari: jina lililopitia kwa mama, au kwa mtoto wa kulelewa, halitaonekana humo, na jibu lake huwagusa jamaa ambao hawakuuliza swali lolote.

Ushauri wangu ni kuliacha jina kwa muda na kuwatazama mashahidi. Katika cheti cha ndoa, mashahidi huwa ni watu wa karibu, na wakati mwingine majina yao ni adimu kuliko la bwana harusi.

Mjukuu wa Nne amerejea:

Nawashukuru wote, wazee wangu. Nimepata mwongozo wa ule mkusanyo: mwenye karatasi alifariki miaka 30 kabla ya ndoa ya babu, katika bara jingine, na maelezo yake yanasema wazi kwamba hakuacha mtoto. Nimeufunga. Abiria wa meli naye, kwa umri ulioandikwa, angekuwa ameoa akiwa na miaka 9.

Kisha nikakitazama cheti upya, safari hii kwa lenzi. Shahidi wa pili alitia saini yake mwenyewe, kwa mwandiko wa kubana, huku mkia wa herufi ya mwisho ukirudi nyuma na kupita chini ya jina zima. Nikamwomba mtunza nyaraka anitumie ukurasa mmoja tu wa zile barua za mfanyabiashara, ule ambamo jina letu limetajwa. Ni barua ya kuomba malipo ya vibarua watatu, na jina letu ni la kibarua wa pili, kwa l moja. Chini kabisa, aliyeiandika ametia saini, na mkia wa herufi ya mwisho unarudi nyuma na kupita chini ya jina zima. Nimeomba mwongozo wa jalada hilo, na safari hii nitausoma wote kabla ya kuagiza kitu.