Mjadala: Je, miruko ya miavuli iendelee kuwa kiini cha kumbukumbu ya Arnhem?

Mtoa mada:

Huu ni mwaka wangu wa tisa kuishi karibu na Arnhem, Uholanzi, na kila Septemba swali hili huzuka upya kazini na kwa majirani. Askari wa miavuli walioshuka hapa mwaka 1944 wamekwisha karibu wote. Je, kuna haja ya kuendelea kurusha mamia ya askari vijana juu ya uwanda wa Ginkelse Heide, mbele ya maelfu ya watazamaji waliokuja na viti vya kukunja na vyakula vyao, na kuliita jambo hilo kumbukumbu ya marehemu? Mimi naona miruko hiyo imeifunika kumbukumbu yenyewe, na ingefaa ipunguzwe.

Sababu yangu ni kwamba mruko ndio sehemu pekee ya operesheni ile iliyokwenda kama ilivyopangwa. Tarehe 17 Septemba 1944 askari wa kwanza wa Divisheni ya 1 ya Miavuli ya Uingereza walishuka mchana kweupe bila hasara kubwa, wakiwa na kazi ya kuteka daraja la mto Rhine na kulishikilia mpaka majeshi ya nchi kavu yafike kutoka kusini. Kilichowaua kilikuja baadaye: walishushwa mbali na daraja, kilomita kumi na zaidi, redio za upepo zikakataa kusikilizana, na katika eneo hilohilo zilikuwa zimepumzishwa divisheni mbili za vifaru za SS, jeshi la Wajerumani wa Nazi. Kikosi cha Luteni Kanali John Frost kilifika darajani na kushikilia ncha ya kaskazini kwa siku tatu na zaidi, lakini majeshi yaliyosubiriwa hayakufika. Kati ya watu takriban 10,000, waliovushwa mto usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 walikuwa takriban 2,400. Wapatao 1,500 walikufa, na wengi wa waliobaki wakachukuliwa mateka. Miavuli inapofunguka na watu wakapiga makofi, hakuna hata moja katika hayo linaloonekana.

Linaloonekana liko makaburini Oosterbeek, karibu na Arnhem. Waingereza hawakurudisha miili nyumbani, kwa hiyo mjane au mama aliyetaka kuliona kaburi ilimlazimu kuja huku, na wenyeji ndio waliompokea na kumlaza katika nyumba zao. Tangu mwaka 1945 watoto wa shule wa hapa huweka maua juu ya makaburi hayo. Mwaka niliohudhuria, kila jiwe lilikuwa na mtoto wake amesimama nyuma, maua mkononi. Mvulana aliyekuwa karibu nami alishika ua la alizeti ambalo shina lake lilikuwa limevunjika, akawa analibana kwa vidole viwili ili lisilale, na baada ya kuliweka aliinama akasoma umri ulioandikwa kwenye jiwe: miaka 19. Alimgeukia mwenzake na kumwambia kwamba kaka yake ana umri huohuo. Kwetu pia hitima haina gwaride, wala hatujawahi kuona imepungukiwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, umechagua uwanda usiokufaa kwa hoja yako. Walioshuka Ginkelse Heide ni Brigedi ya 4 ya John Hackett, tarehe 18, wakiwa wamecheleweshwa kwa saa kadhaa na ukungu wa Uingereza, na walikuta kikosi cha Waskoti kikipigana kuulinda uwanda huo. Walishuka chini ya risasi, na wako waliopigwa wakiwa bado wananing'inia. Kwa hiyo uwanda ule ni mahali pa vifo kama makaburi yalivyo. Zaidi ya hayo, wakongwe wenyewe waliutaka: mwaka 2019 Sandy Cortmann, aliyetekwa katika vita vile, aliruka tena hapo akiwa na miaka 97, amefungwa kifuani mwa mwenzake. Nani kati yetu angemwambia kwamba anaharibu kumbukumbu?

Mchangiaji wa pili:

Mimi nina neno fupi tu. Septemba hiyohiyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka kwetu, ilikuwa ikitembea katika tope la bonde la Kabaw, Burma. Wao hawakuruka, na pengine ndiyo maana hakuna anayekuja na kiti cha kukunja.

Mtoa mada:

Kuhusu tarehe 18 nakubali kosa; niliiandika hoja yangu kana kwamba siku ya pili haikuwako. Cortmann naye simgusi, kwa kuwa aliyekuwapo ana haki ya kukumbuka apendavyo. Swali langu linahusu miaka ambayo hakuna tena aliyekuwapo.

Mwaka 1969, ilipotimia miaka 25, upande wa Waingereza ulidhani imetosha na kwamba sherehe zingekoma. Wenyeji ndio waliokataa. Watu hao walikuwa na kila sababu ya kusahau, kwani baada ya mapigano yale wakazi karibu 100,000 wa Arnhem na vitongoji vyake walifukuzwa makwao na Wajerumani, na majira ya baridi yaliyofuata njaa iliua Waholanzi wapatao 20,000. Wao walipigania makaburi na wageni wao, hawakupigania ndege.

Hata Sosabowski, jemadari wa Wapoland walioshuka Driel, ng'ambo ya mto, tarehe 21, alibebeshwa lawama za wakubwa wake na kuondolewa katika uongozi Desemba 1944. Baada ya vita alifanya kazi kiwandani Uingereza, akafa mwaka 1967. Uholanzi ilimpa nishani mwaka 2006. Miaka yote hiyo miavuli ilikuwa ikifunguka juu ya uwanda. Aliyemrudishia heshima ni nani kama si wale walioendelea kuuliza maswali chini?