Mnatuharibia reggae ya zamani kwa jina la sauti ya kuzunguka, na miksi za stirio mnazificha

Wanajukwaa, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, na leo nimeona nifungue uzi huu ili jambo hili lisemwe hadharani na kwa kirefu. Programu moja ya kusikilizia muziki, ambayo huilipia kila mwezi bila kuchelewa, imeziondoa kimyakimya miksi (sauti zilizokwisha kuchanganywa) za stirio, yaani za spika mbili, za albamu za reggae za miaka ya 1970 nilizokuwa nimezihifadhi humo na kuweka mahali pake miksi mpya za sauti ya kuzunguka, yaani inayotoka kwenye spika za mbele na za nyuma ya msikilizaji, huku jalada likiwa lilelile, jina lilelile na mwaka uleule ukiwa umeandikwa chini yake. Sikupewa taarifa yoyote. Hakuna mahali palipoandikwa ni nani aliyechanganya upya, lini, wala kwa ridhaa ya nani. Niligundua kwa masikio yangu tu: besi ninayoijua noti kwa noti ilikuwa imenywea, gitaa la mdundo lilikuwa limehamia nyuma ya kisogo changu, na mwimbaji alikuwa amesukumwa mbele peke yake kana kwamba bendi imemsusa. Nilipoandika kulalamika, nilijibiwa kwamba sauti imeboreshwa na kwamba wateja wengi wanaifurahia.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya ladha, kwamba anayependa spika mbili asikilize mbili na anayependa sita asikilize sita. Ningeikubali hoja hiyo mara moja kama tungeachiwa kuchagua. Ninachokilalamikia ni kwamba toleo jipya limevalishwa jina la toleo la zamani, na kijana anayeingia kwenye reggae leo atasikia kazi ya mtu asiyemjua aliyeifanya juzi, kisha aamini kwamba ndiyo kazi iliyotoka Kingston mwaka 1976.

Nianze na besi, kwa kuwa kwenye reggae besi ikiharibika hakuna kinachobaki cha kubishania. Katika The Wailers, bendi ya Bob Marley, besi ilipigwa na Aston Barrett, aliyejulikana kama Family Man, na dramu zilipigwa na mdogo wake, Carlton. Mdundo waliousambaza duniani huacha pigo la kwanza wazi na kuangusha uzito wote kwenye pigo la tatu, ambapo ngoma ya mguu na ukingo wa ngoma ndogo hugongwa kwa pamoja huku besi ikijibu kwa noti chache zilizopimwa. Uhusiano huo ndio wimbo wenyewe. Mafundi wa stirio waliiweka besi na ngoma ya mguu katikati, zikitoka kwa nguvu sawa upande wa kulia na wa kushoto, na walikuwa pia na sababu ya kiufundi ya kufanya hivyo, kwa sababu santuri ikikatwa huku masafa ya chini yakipishana kati ya pande mbili, sindano huruka. Msikilizaji akikaa mbele ya spika mbili, ndugu hao wawili wanasimama mahali pamoja, mbele yake, na hawatengani mpaka wimbo uishe.

Sasa angalieni kinachotokea katika mfumo wa 5.1, ambao ni mfumo wa sauti ya kuzunguka. Kuna spika tatu za mbele, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na chaneli ya sita ya masafa ya chini pekee, ambayo mwisho wake ni takribani Hz 120. Chaneli hiyo ilibuniwa kwa ajili ya sinema, ili milipuko na ngurumo zipate nafasi yake. Uzi mzito kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa noti ya takribani Hz 41, lakini pamoja na noti hiyo hutoka sauti za juu yake, na hizo ndizo zinazotuwezesha kusikia kidole kikiugusa uzi na noti ikianza na kukatwa. Mchanganyaji akiitupa besi kwenye sabufa, yaani spika ya chaneli hiyo, na kuacha mabaki yake mbele, tumbo la noti linatoka kwenye kona ya chumba na kichwa chake kinatoka karibu na runinga. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja ya tofauti ya umbali huchelewesha sauti kwa karibu milisekunde 3. Mitambo mizuri inaweza kupimwa na kurekebishwa ili kufidia tofauti hiyo, lakini tuseme ukweli: sebuleni kwetu sabufa huwekwa palipo karibu na soketi ya umeme. Mdundo uliojengwa juu ya mapigo mawili kuanguka pamoja unaishia kuwa na kingo zilizochakaa, na msikilizaji anabaki akijiuliza kwa nini wimbo haumtikisi kama zamani.

Lililo baya zaidi huwapata wale wasio na spika hizo kabisa, nao ndio wengi wetu. Faili la 5.1 likichezwa kwenye runinga ya kawaida au simu, kifaa huzikunja chaneli sita kuwa mbili, na katika kukunja huko chaneli ya sabufa kwa kawaida hutupwa. Rudieni kuisoma sentensi hiyo, tafadhali. Besi yoyote iliyowekwa kwenye chaneli hiyo peke yake haitoki tena popote. Muziki uliojengwa juu ya besi unamfikia msikilizaji bila msingi wake, naye anaambiwa kwamba sauti imeboreshwa.

Jambo la pili ni dub, yaani reggae iliyochanganywa upya kwa kukata sauti na ala na kuzitia mwangwi, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. King Tubby, ambaye jina lake halisi lilikuwa Osbourne Ruddock, alikuwa fundi umeme na mmiliki wa mtambo wa muziki wa mtaani, Hometown Hi-Fi, kabla ya kuwa mchanganyaji. Nyumbani kwake Dromilly Avenue, Kingston, alikuwa na meza ya kuchanganyia sauti ya MCI ya chaneli nne aliyoipata kutoka studio ya Dynamic Sounds, yenye kitufe kikubwa cha kuchuja masafa ya chini hatua kwa hatua. Aliletewa utepe wenye traki (njia za kurekodia) nne tu: dramu, besi, ala nyingine na sauti, au mpangilio unaokaribiana na huo. Kila kilichofuata alikifanya kwa vidole, papo hapo, huku utepe ukizunguka. Sikilizeni King Tubbys Meets Rockers Uptown ya Augustus Pablo, iliyotoka mwaka 1976. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, sauti ya Jacob Miller inachomoza kwa neno moja au mawili, inakatwa ghafla, mwangwi unaisomba, kisha dramu na besi zinabaki peke yake kama nyumba iliyoezuliwa paa. Maamuzi hayo yote hayamo katika ule utepe wa traki nne. Yamo katika utepe wa mwisho tu, kwa sababu kuchanganya kwenyewe ndiko kulikokuwa kupiga muziki.

Kwa hiyo mtu akituletea albamu ya dub ya miaka ile katika sauti ya kuzunguka, amefanya moja kati ya mambo mawili. Ama amechukua traki nne na kutengeneza dub yake mwenyewe, na katika hali hiyo anapaswa kuandika jina lake juu ya jalada na kuliacha jina la Tubby lipumzike, ama amechukua miksi ya mwisho na kuiamuru kompyuta isambaze mabaki yake kwenye spika za nyuma. Tubby aliuawa Februari 1989. Hawezi kuulizwa, na kimya chake hakiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa.

Kwa Lee Perry, mtayarishaji mwingine wa muziki wa Jamaika, hali ni ngumu zaidi. Katika studio yake ya Black Ark, Washington Gardens, alirekodi kwa mashine ya TEAC ya traki nne, na kila zilipojaa alizishusha traki kadhaa kuwa moja ili apate nafasi ya kuongeza waitikiaji, ngoma za mkono au mlio wa ng'ombe tunaousikia katika albamu ya Heart of the Congos ya mwaka 1977. Zikishashushwa, hazirudi. Sauti zimelowana, na kila safari kutoka utepe mmoja hadi mwingine iliongeza ule ukungu mzito ambao hakuna studio nyingine iliyofanikiwa kuutoa. Anayetaka leo kumweka mwitikiaji kushoto nyuma na ngoma ya mkono kulia nyuma anahitaji programu ya kuzing'oa sauti kwa makisio, na ukiisikiliza kazi ya namna hiyo kwa makini utasikia matoazi yakiwa na mlio wa maji maji na herufi za mwimbaji zikiwa zimeliwa miisho. Ukungu ule ulikuwa ndani ya kazi. Kuufuta na kuita kitendo hicho usafi ni kumdhalilisha aliyeutengeneza.

Sitaki nieleweke kwamba kila stirio ya zamani ni takatifu. Kuna rekodi nyingi za ska na rocksteady, miziki ya Jamaika iliyoitangulia reggae, zilizofanywa kwa traki mbili tu, bendi ikiwa kwenye moja na mwimbaji kwenye nyingine, ambazo baadaye ziliuzwa kama stirio huku mwimbaji akiwa amebanwa kwenye spika ya kushoto na bendi nzima ikiwa kulia. Rekodi hizo zilikusudiwa kusikika kwa mono, yaani chaneli moja, zikitoka kwenye minara ya spika uwanjani, na hadi leo nazisikiliza kwa mono. Ninachokitetea ni miksi iliyokubaliwa na waliokuwepo, iwe ya chaneli moja au mbili.

Tena historia inatuonyesha kwamba kuchanganya upya kunaweza kufanywa kwa uungwana, na pia kwamba kunaweza kuumiza. Catch a Fire ya The Wailers ya mwaka 1973 ilirekodiwa Jamaika, kisha ikapelekwa London, ambako Chris Blackwell, mwenye lebo ya Island, aliiongezea gitaa la Wayne Perkins na kinanda cha John Bundrick. Kwa miaka mingi toleo la London ndilo pekee tulilolijua, mpaka mwaka 2001 lilipotoka toleo la diski mbili lenye miksi ya Jamaika pembeni yake, kila moja ikiwa imetajwa wazi. Huo ndio uungwana ninaouzungumzia: unasikiliza wimbo wa Concrete Jungle yenye lile gitaa linalolia, halafu unaisikiliza bila gitaa hilo, kavu na nzito, na unaamua mwenyewe. Upande wa pili kuna Marcus Garvey ya Burning Spear ya mwaka 1975, ambayo ilichanganywa upya kwa ajili ya soko la nje kwa namna ambayo Winston Rodney, yaani Burning Spear mwenyewe, hakuifurahia. Msanii alikuwa hai, alikuwa na kinywa, na bado ilifanyika. Itakuwaje kwa waliokwisha kufa?

Wala siupingi mfumo wenyewe. Mwaka 2014, Legend, mkusanyiko wa nyimbo za Bob Marley, ilipotimiza miaka 30, ilitolewa pamoja na diski ya Blu-ray yenye miksi ya 5.1, na ilielezwa hivyo waziwazi, kwa hiyo aliyeinunua alijua anachonunua na stirio yake ilikuwa ndani ya paketi hiyohiyo. Rekodi za jukwaani nazo zina haki ya kuwa na spika za nyuma. Live! ya Bob Marley na The Wailers ilirekodiwa ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975, mbele ya umati ulioimba kila neno, na sauti ya umati ule ikinizunguka huku bendi ikibaki mbele yangu mahali pake, sina ugomvi. Nyuma ya msikilizaji ukumbini kweli kulikuwa na watu. Lakini katika studio ya Harry J, Kingston, walikorekodi The Wailers, hakuna mpiga kinanda aliyekuwa amekaa nyuma ya mtu yeyote.

Na kwa kuwa nimefungua kinywa, niliseme na hili. Duka moja hapa mjini liliniuzia diski ya reggae ya zamani iliyoandikwa 5.1 kwa herufi za dhahabu, kwa bei iliyonifanya nifikiri mara mbili. Nilipoifikisha nyumbani nilichomoa nyaya za spika za mbele, nikaacha za nyuma peke yake. Kilichotoka ni sauti ileile ya mbele, imekondeshwa, haina besi, mwimbaji akiyumba kama anaimba ndani ya pipa, huku mwangwi ukiwa mkubwa kuliko neno lenyewe. Ilikuwa stirio iliyotandazwa kwa mashine. Niliirudisha, na muuzaji akanijibu kwamba spika zote zinatoa sauti, sasa tatizo liko wapi.

Madai yangu ni haya, na nitayatuma kwa maandishi kwa programu husika pamoja na kiungo cha uzi huu. Miksi ya asili iwe ndiyo inayocheza kwanza, na ile mpya iwe chaguo linalowekwa kando yake. Kila miksi mpya iandikwe mwaka ilipofanywa na jina la aliyeifanya. Stirio iliyotandazwa kwa kompyuta isiuzwe kamwe kama miksi ya 5.1, na aliyeuziwa arudishiwe fedha zake.

Kwa sasa, ingieni kwenye mipangilio ya sauti ya programu zenu, zimeni kila chaguo linalotaja sauti ya kuzunguka au Dolby Atmos (mfumo mwingine wa sauti ya namna hiyo), kisha linganisheni wimbo mmoja mnaoujua vizuri kabla na baada, mkiitegea sikio besi na ngoma ya mguu. Mtakaokuta albamu zilizobadilishwa, ziwekeni hapa chini: jina la albamu, mwaka wa asili, kilichohama na kilichopotea, na kama kuna jina lolote la mchanganyaji lililoandikwa. Mwenye santuri au kanda ya toleo la kwanza na anayeweza kulinganisha atasaidia zaidi, hasa kwa albamu za Black Ark, kwa sababu mimi binafsi ninazo chache tu.